Tenti ya kilo moja kwenye upepo wa Barafu: nilivyoirekebisha na nilipochemka

#1 MgumuMstaafu

Wakuu heshima kwenu. Huu uzi niliahidi kitambo nikawa napiga danadana, leo mvua imetufungia ndani hapa Moshi acha niushushe, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Ni hivi. Mwaka juzi mgeni mmoja wakati anaondoka aliniachia tenti yake, zile za watu wanaobeba wenyewe mgongoni, haina fito zake, unaisimamisha kwa fimbo zako mbili za kutembelea, moja kila upande, na yote na pegi zake ni kilo moja na kitu. Nilipoiweka kwenye mizani jamaa wakacheka sana, mmoja akasema hiyo sio tenti hiyo ni kanga ya shemeji. Na kweli kitambaa chake ukikiinua juani unaona vidole vyako upande wa pili, ni nailoni iliyopakwa silikoni, inateleza hiyo ukiikunja inakutoka mkononi. Mi nimebeba yale matenti ya kazini miaka saba kabla sijawa gaidi (wa wageni, sio wa msituni), najua tenti ya kawaida ikilowa inavyokaa kichwani, kwa hiyo nikasema hii siiachi ng'o.

Nikaanza kuilalia kwenye kambi za Kilimanjaro. Shira 2 nililala safi. Karanga safi. Balaa ni Barafu. Kwa asiyepajua, Barafu ni kambi ya mwisho kabla ya kileleni kwa wanaopita njia ya Machame au Lemosho, mita 4,673, iko juu ya mgongo wa mlima, hakuna mti hakuna kichaka, chini ni vipande vya mawe tu, pegi inazama inchi mbili inagonga mwamba. Mi kwa ujuaji nikageuza mlango uangalie kilele cha Mawenzi nipige picha asubuhi. Saa tatu usiku wageni wamelala wanasubiri kuamshwa, upepo ukaja, na ukaja wa upande ule ule wa mlango.

Kilichotokea nakikumbuka kwa mpangilio kwa sababu nilikuwa macho. Kwanza fimbo moja klipu yake ikateleza, ikajifupisha yenyewe kama sentimita tano hivi. Kitambaa kikalegea. Kikishalegea kikaanza kupiga, pa pa pa pa, kila kikipiga kinaipa pegi kichapo, pegi ya kwanza ikaruka sijui iko wapi mpaka leo, baada ya hapo ni kama mtu anafungua vifungo vya shati. Nikaishia tenti ya mesi (ya kulia chakula) kati ya wagumu wawili, yaani wapagazi, wananicheka mpaka saa tano.

Asubuhi nikakagua. Sasa hapa ndio pointi yangu yote ya huu uzi: kitambaa katikati hakikuwa na hata tobo moja. Kilichochanika ni pale kitanzi cha kamba kimeshonewa, sentimita nne hivi kando ya mshono. Maana yake ule wembamba tuliokuwa tunaucheka haukuwa tatizo, tatizo ni kulegea na kupigapiga. Upepo ukisukuma kitu kilichokaza kinasimama nao, ukikikuta kimelegea unakitikisa mpaka kinachoka pale kilipofungwa.

Nilivyorekebisha. Fimbo nimeshusha kutoka sentimita 120 mpaka 108, ukingo wa flai (kile kitambaa cha nje) unakaribia kugusa chini, mwanzo ulikuwa unaacha nafasi ya kiganja na upepo ulikuwa unaingia chini unaibeba tenti kama mwavuli. Ndani unakaa umeinama kidogo lakini hapo unaenda kulala, huendi kucheza dansi. Chini ya klipu ya kila fimbo nimefunga klipu ya hosi ya gari, ile ya kukaza kwa bisibisi, hata klipu ya fimbo ikilegea haiendi popote. Kamba za kona zilikuwa fupi za kitoto, nimeweka za mita mbili mbili, kamba ikiwa ndefu inalala chini zaidi na inavuta kwa pembeni, fupi inavuta pegi kwenda juu na hiyo ndio njia rahisi ya kuing'oa.

Kubwa kuliko yote ni ubavuni. Tenti hizi zina ubao mkubwa wa kitambaa usio na kitu cha kuushika katikati, unajaa upepo kama shavu la mpiga tarumbeta. Nilitaka kushona vitanzi lakini niliogopa, nikatumia kokoto: unaweka kokoto ya duara upande wa ndani wa kitambaa, unaikusanya kwa nje kama unafunga sukari ya nusu robo kwenye nailoni, unafunga kamba shingoni, unavuta kwenda kwenye jiwe. Bila sindano bila gundi. Nimeweka mbili kila ubavu, urefu wa goti.

Na nilipochemka: nilimpa fundi anishonee sketi kuzunguka flai yote, kitambaa cha sentimita 20 cha kulala chini nikiwekee mawe juu. Upepo ulikoma kweli. Ila asubuhi nilikuwa nimelowa kama nimelala mtoni, pumzi yote imekaa ndani ikaganda kwenye flai, upepo ukitikisa inanyesha theluji usoni. Nimeikata yote, nimebakiza kipande upande wa kichwani tu.

Haya mwageni na nyie.

#2 Mchaga_Mzito

Mkuu pole lakini jibu ni rahisi tu, beba ya kilo tano ulale. Kilo nne umeokoa halafu umeongeza klipu za hosi na kamba na mawe, si ndio ile ile 😂

#3 MgumuMstaafu

Klipu mbili na kamba hazifiki gramu mia mkuu. Mawe nayakuta Barafu, siyabebi. Na nayarudisha nilipoyatoa maana watu wa hifadhi hawapendi kukuta umejenga boma.

#4 UpepoWaKulal

Niaje wasee. Mimi niko Loiyangalani upande wa Ziwa Turkana na nawaambia hio upepo yenu ya mlima ni mtoto. Hapa inashuka kutoka mlima Kulal usiku mpaka asubuhi, karibu kila siku, si ati msimu. Kwani mnafikiria ile mitambo 365 ya umeme iliwekwa hapa kwa nini? Tukipeleka wageni kulala ziwani tunasikia tu mtu anapiga nduru saa nane tenti imemfunika kama samaki kwa neti.

Shida ya huku si jiwe, ni mchanga na vumbi. Pegi ya kawaida kwa mchanga ni kama kuchomeka toothpick kwa ugali. Tunachofanya, unachukua kile kimfuko cha kubebea tenti ama gunia ndogo, unajaza mchanga, unafunga kamba katikati yake, unachimba shimo mpaka kiwiko, unazika ikiwa imelala, unarudisha mchanga unaukanyaga. Hio haitoki, asubuhi wewe mwenyewe utatoa jasho kuitoa. Ukikosa kimfuko hata chupa ya maji ya lita moja ikiwa imejaa inafanya.

Halafu vumbi. Tenti nyingi nyepesi ya ndani ni neti tupu, mwenye alitengeneza alifikiria mbu tu. Vumbi ya hapa inapita neti kama haipo, unaamka na meno inatafuna mchanga. Mimi nilitoa leso ya kitambaa chepesi nikashona ndani ya neti kutoka chini mpaka nusu, juu nikaacha wazi hewa ipite. Gramu kidogo tu na nalala kama mtu.

#5 Ticha_Mraba

Mnaobishana upepo wa nani ni mkubwa ngoja niwape hesabu, ni ya kidato tu msikimbie. Msukumo wa upepo unapanda kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa usawa wa bahari unasukuma kama kilo saba na nusu kila mita ya mraba. Kasi ikiwa 80 sio kilo 15, ni kilo 30. Ubavu wa tenti wa mita mbili za mraba ni kilo 60, yaani mfuko wa saruji wa kilo 50 na wa sukari wa kilo 10 juu yake, umeegemezwa kwenye pegi tatu za kama misumari.

Sasa kinachofurahisha, huko Barafu hewa ni nyepesi, uzito wake ni kama asilimia 60 tu ya hewa ya pwani. Kwa hiyo kilomita zile zile 80 Barafu zinasukuma kama kilo 18 kwa mita. Ndugu wa Turkana yuko chini sana kwa hiyo anapata karibu zile 30 kamili. Yuko sahihi kujisifu 😀

Na kitu kingine, karibu na ardhi upepo unapungua kasi kwa sababu unakwaruzana na mawe na majani. Mtoa mada aliposhusha fimbo sentimita 12 hakupunguza ubao tu, ameutoa ule upande wa juu ambako upepo ni mkali zaidi. Ndio maana kashusha kidogo kaona tofauti kubwa.

#6 UpepoWaKulal

Ticha umemaliza. Hio nascreenshot nipelekee wale wa Mount Kenya wanatusumbua.

#7 CherehaniMoja

Nimesoma hapo kwenye fundi na sketi roho ikaniuma. Mimi nashona mabegi na maturubai Arusha, na hizi tenti za silikoni naletewa zikiwa tayari zimeharibiwa na fundi wa suti, hana kosa, hakijui kitambaa.

Kaka yangu kila tundu la sindano kwenye kitambaa hicho ni mwanzo wa mchaniko na ni mwanzo wa kuvuja. Kwa hiyo sindano nyembamba, 70 au 80, sio ile ya jinzi. Uzi wa poliesta, usitumie wa pamba unaoza. Na usishone kitanzi moja kwa moja kwenye kitambaa kimoja hata siku moja, unaweka kwanza kiraka cha kitambaa kile kile kwa ndani, kata cha duara, chenye kona kinaanzia kuchanika kwenye kona. Kiraka unakibandika kwa silikoni unaacha kikauke siku nzima, ndio unashona mkanda juu yake.

Mkanda wenyewe ulaze, ukivutwa uvute sambamba na kitambaa. Mafundi wengi wanausimamisha unakuwa unavutwa kama mtu anabandua plasta, uzi wa kwanza unabeba mzigo wote peke yake, ukikatika wa pili, ukikatika wa tatu. Ukiulaza nyuzi zote zinabeba pamoja. Nina hakika kile kitanzi chako cha Barafu kilikuwa kimesimamishwa.

Gundi: kwenye silikoni hakishiki kitu chochote isipokuwa silikoni yenyewe. Gundi ya viatu hapana, gundi ya tyubu hapana, ile tepu ya kupiga pasi hapana. Nunua silikoni ya madirisha ile isiyo na rangi, changanya na tapentaini mpaka iwe kama uji mwepesi wa mgonjwa, paka kwa brashi kwenye mishono yote kwa nje. Fanyia nje, inanuka na isiwe karibu na moto. Ukimaliza nyunyiza poda ya mtoto isijigande ikikunjwa.

Na kabla hujapaka jua kwanza una kitambaa gani. Bandika selotepu kipande, ikikataa kushika ni silikoni. Ukiona mishono ina tepu ya kiwandani kwa ndani basi upande ule sio silikoni, ni ile plastiki ya poliyurethini, hiyo inataka gundi yake na ikizeeka inanata na kunuka kama soksi.

#8 MgumuMstaafu

Dada umeniua. Nimeenda kuangalia sasa hivi, kitanzi kilikuwa kimesimamishwa kweli, na sio fundi wangu, kimetoka hivyo kiwandani. Nakuja Arusha wiki ijayo naomba PM.

#9 kijana_wa_rongai

Samahani wakubwa mimi ni mgeni kwa hii mambo. Nataka kwenda Ngong Hills na mabeshte weekend moja, niko na tenti ya supermarket ya fito mbili zinapishana, ya bei ya chini. Nikinunua hio ya silikoni itanisaidia kwa upepo ama nibaki na yangu?

#10 Ticha_Mraba

Baki nayo. Ngong kuna upepo hasa, hata mitambo ya umeme ipo pale juu, lakini ni usiku mmoja na gari liko karibu. Hizo fito za plastiki nyuzinyuzi zinapinda sana, kwa hiyo zifunge pale zinapopishana kileleni, kipande cha kamba kinatosha, zisicheze kila moja kivyake. Tupa pegi zilizokuja nayo, nenda kwa hadwea nunua misumari ya inchi sita, weka washa kubwa (ile ringi bapa ya chuma) kichwani kitanzi kisiteleze. Na zile kamba zilizofungwa kwenye mfuko ambazo hujawahi kuzifungua, zifungue. Watu wengi tenti inawapeperukia kamba zikiwa bado zina mpira wa dukani.

#11 Nahodha Mzee wa Lamu

Assalaam aleykum jamaa. Mjukuu wangu kanisomea haya kanambia babu hawa wasema mambo yako. Mimi hema sijalala ila tanga nimelala nalo miaka arubaini, na mwenendo ni mmoja. Hema ni tanga usilotaka liende.

Chombo kina upande wa joshi na upande wa demani. Joshi ndiko upepo utokako. Wewe ndugu wa mlimani umefungua mlango wa joshini, sasa hapo wataka nini? Tanga likijaa huenda, na lako likaenda. Mlango siku zote demani. Na kamba ya joshi ndiyo ya kwanza kufungwa na ya mwisho kufunguliwa, siku unang'oa hema asubuhi na upepo ungaliko ukianza kufungua ya joshi utalifuata hema Somalia.

Pili, upepo ukizidi sisi hatushindani nao kwa tanga kubwa, twalishusha twapandisha dogo. Huko kushusha kwenu fimbo ndiko huko.

Tatu, hizo kokoto. Mawe ya mlima wa moto yana meno, siku moja yatakula kitambaa kutoka ndani. Tumia komwe, kete za bao. Ni nyepesi, ni duara, ni laini, na mbele ya kitambaa hazina ubaya. Huku zatupwa na maji ufuoni, waweza kuokota kikapu.

#12 CherehaniMoja

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ya komwe ni akili ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote, na ni kweli nimeshaletewa tenti ina vitobo vidogo vidogo vya kokoto nikawa najiuliza imeliwa na nini.

#13 BaridiYaGlasgow

Salaam kutoka Scotland, nipo huku nasoma mwaka wa tatu na ugonjwa wa kupanda vilima nimeupatia huku. Upepo wa huku niacheni tu, kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Cairn Gorm tarehe 20 Machi 1986 kilipima maili 173 kwa saa, karibu kilomita 278. Hiyo hakuna tenti wala mjadala.

Nilichojifunza ni kwamba vita nyingi unashindwa wakati wa kusimamisha, sio usiku. Sisi huku mvua na upepo vinakuja pamoja, kwa hiyo flai kwanza, ya ndani baadaye. Tenti ya mtoa mada inakubali hivyo. Mimi fimbo nazipima urefu kabla sijatoa kitambaa kwenye begi, nina alama ya tepu kwenye fimbo. Halafu napiga magoti juu ya kitambaa, natoa kona moja tu, ile ya upepo unakotoka, napiga pegi, natoa ya pili upande ule ule napiga pegi, ndio naachia kinachobaki kipepee kuelekea demani kama anavyosema mzee. Hapo tenti inajinyoosha yenyewe, unaingiza fimbo, unamalizia. Ukitandaza yote chini kwanza kama unaanika mahindi upepo utakunyang'anya.

Pia upande mwembamba au wa chini zaidi ndio uelekee upepo, kamwe sio ubavu. Na msisahau nailoni ikilowa inarefuka. Umekaza saa kumi na mbili kavu inalia kama ngoma, saa nne umande umeingia imelegea kama surua ya babu. Toka nje ukaze tena kabla hujalala hata kama baridi inakukataza. Zipo za poliesta yenye silikoni hazirefuki hivyo, ukipata hiyo chukua.

#14 Mchaga_Mzito

Surua ni ugonjwa mkuu, ulitaka kusema suruali 😂😂

#15 BaridiYaGlasgow

Baridi imenigandisha vidole. Suruali.

#16 Mzoefu wa Sirimon

Hapa mimi sioni mtu akiongea juu ya mpira. Kila kamba ya tenti yangu nimeweka kipande cha tyubu ya baiskeli kati, upepo ukikuja unavuta mpira badala ya kuvuta pegi. Nimelala kambi ya Shipton's, Mount Kenya, na hio mara mingi sana, mita 4,200, na sijawahi poteza pegi.

#17 BaridiYaGlasgow

Kaka hapo nakupinga kidogo. Mpira kwenye kona unaipa tenti ruhusa ya kucheza, na mtoa mada kasema adui ni kupigapiga. Kona zikae kamba tupu. Mpira uende ubavuni tu.

#18 Mzoefu wa Sirimon

Wewe umeona pegi ngapi zikitoka juu ya mpira? Mimi nakuambia chenye nimelalia, we unaniambia chenye umesoma.

#19 MgumuMstaafu

Msigombane wakubwa, wote mmelala nje. Mi nilijaribu vyote viwili. Mpira kwenye kona ulinisumbua kwa sababu kila dharuba inaacha flai ilegee sekunde moja halafu inarudi na kishindo. Ila kuna namna fundi baiskeli wa hapa jirani alinionyesha: usikate kamba. Kamba iache nzima, funga kipande cha tyubu sehemu mbili za kamba ile ile huku ukiacha kamba katikati imelegea kama sentimita tatu. Upepo ukija mpira unavutika hizo sentimita tatu unakula kishindo, ukifika mwisho kamba inashika mzigo, haiendi zaidi. Mpira ukikatika unabaki na kamba yako. Ubavuni naitumia hiyo, kona nimeacha tupu.

Na tyubu ina kazi nyingine, ikate kama soksi uivishe kamba pale inapozunguka jiwe. Mawe ya Barafu yanakata kamba ya milimita mbili kama kisu. Kwa mawe yenyewe msifunge kamba kwenye jiwe kubwa moja kwa moja, huwezi kukaza baadaye. Zungusha kamba kwenye jiwe dogo la ukubwa wa ngumi, halafu jiwe kubwa lilaze juu ya kamba upande wa tenti, lile dogo likivutwa linajibana nyuma ya kubwa. Kukaza unasogeza dogo tu.

Fundo natumia la wapakiaji wa fuso, kitanzi katikati ya kamba, unapitisha mwisho unavuta mara mbili. Wanafunga tani saba za vitunguu kwa hilo, sembuse tenti.

#20 kijana_wa_rongai

Asanteni sana. Na ikiwa baridi sana na upepo, naeza ingiza jiko ya makaa kidogo tu nizime kabla ya kulala?

#21 CherehaniMoja

HAPANA mdogo wangu. Si kidogo, si ya kuzima, si mlango ukiwa wazi nusu. Moshi wa mkaa usiouona unaua usingizini, husikii harufu wala kukohoa. Na hiki kitambaa tunachokizungumzia cheche moja tu imekwisha. Chemsha maji nje, weka kwenye chupa, lala nayo miguuni.

#22 Ticha_Mraba

Huyo dada msikilize. Na usikwepe hatari hiyo kwa kuziba matundu ya hewa ya juu pia eti upepo unaingia, pumzi yako ina maji mengi, yataganda juu yako kama ya sketi ya mtoa mada.

#23 MgumuMstaafu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa na kundi la Lemosho siku nane.

Mrejesho. Dada CherehaniMoja alinishonea vitanzi vinne kona kwa ile namna ya kulaza mkanda, na akapaka mishono yote. Ubavuni nimeacha bila kushona, nimeweka komwe, mzee wa Lamu aliniagizia na basi zikafika kwenye kikopo cha kahawa, kila ubavu tatu. Mlango demani, nilitema mate juu ya kidole nikakisimamisha kama mjinga mbele ya wageni kujua upepo unatoka wapi, mgeni mmoja akanipiga picha.

Barafu upepo ulikuja saa nne na nusu. Sijui kasi, sina kipimo, ila tenti ya mesi ilitoka pegi mbili na choo cha kubebeka kilianguka (hakikuwa na mtu, tulihakikisha). Yangu ilikuwa inaunguruma, sauti nzito ya mfululizo, sio ile pa pa pa. Niliisikiliza nikalala dakika arobaini mpaka kengele ya kuamsha wageni. Kulipokucha tuko kileleni sikuiwaza kabisa, na niliporudi saa tano mchana nikaishusha hapo hapo kabla ya kupumzika, maana jua la kule juu linakula nailoni kuliko upepo, ukiiacha imesimama mchana kutwa kila safari baada ya miaka michache inachanika kama gazeti.

Kasoro: kamba moja ya ubavu ilikwanguka kwenye jiwe maana nilisahau kuivisha tyubu. Na ukingo wa upande wa kichwani ile sketi niliyobakiza bado inakusanya baridi, naifikiria kuikata nayo.

Mzee wangu wa Lamu, komwe zako zimefanya kazi kuliko chochote nilichonunua dukani. Nilienda na sita. Tulipolala kambi ya Mweka wakati wa kushuka wagumu waliziona nikikunja, wakachimba mashimo chini wakaanza kucheza, wakajazia na vijiwe. Nimerudi na nne. Naomba kikopo kingine.

#24 Nahodha Mzee wa Lamu

Zaja na basi la Ijumaa. Waambie hao vijana mchezo wa bao hauchezwi na kete za kuazima.